Sherehe Huanza na Kalenda: Sikukuu za Jamii Ndogo za Uchina kwa Msafiri wa Mombasa

Mfanyabiashara wa Mombasa anayekwenda Guangzhou kuchukua mzigo huujua mji ule kwa masoko yake: wapi pana vitambaa, wapi viatu, wapi vyombo vya jikoni. Ijumaa ataswali katika msikiti ulio kando ya kaburi ambalo kwa mapokeo husemwa ni la Sahaba Saad bin Abi Waqqas, atakula mishikaki nje kwa Wahui na Wauyghur, jamii za Kiislamu za huko, kisha atarudi hotelini kufunga maboksi. Watu wengi huishia hapo. Na hali saa tatu na kitu tu kwa treni ya kasi kutoka pale, ukifika Nanning katika mkoa wa Guangxi, uko kwa Wazhuang, na kama siku umeipata sawa utakuta bonde zima linaimba.

Kama siku umeipata sawa. Hapo ndipo wengi wanapoteleza, ndiyo sababu nimeona niandike makala haya nianzie kwenye kalenda kabla ya ngoma na mapishi.

Kwanza ukubwa wa jambo lenyewe. Serikali ya Uchina inatambua jamii 56. Wahan ndio wengi mno, na zile 55 zilizobaki ndizo zinazoitwa jamii ndogo. Udogo huo ni wa kulinganishwa na Wahan tu: sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu milioni 125 wa jamii hizi, zaidi ya mara mbili ya Wakenya wote. Wazhuang peke yao wanakaribia milioni 20. Kila jamii ina sikukuu zake, na nyingine huwa na tarehe tofauti kijiji kwa kijiji. Nitazungumzia chache ninazoona zina manufaa kwa mtu wa Pwani, nyingine nitazipita.

Mwezi wao na mwezi wetu

Sikukuu nyingi za kusini mwa Uchina hufuata kalenda ya Kichina, ambayo hutumia mwezi na jua kwa pamoja. Mtu aliyezoea mwezi wa Kiislamu hudhani tayari anaijua. Anaijua nusu. Kuna tofauti mbili zitakazompotosha.

Ya kwanza ni mwanzo wa mwezi. Sisi tunangoja mwezi uandame, uonekane kwa macho. Wachina hawangoji: tarehe 1 ni ile siku yenyewe ambayo mwezi uko gizani, imeshapigiwa hesabu miaka mbele. Kwa hiyo tarehe yao hutangulia ya kwetu kwa siku moja au mbili. Mwaka 2025 tarehe 3 ya mwezi wao wa 3 ilikuwa 31 Machi, siku zilezile ambazo Waislamu walikuwa katika Idd el-Fitr. Wao walishafika tatu, sisi ndiyo kwanza tumefungua Mfungo Mosi.

Ya pili ni mwezi wa nyongeza. Mwaka wa Kiislamu una miezi 12 basi, ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka ikazunguka misimu yote. Kalenda ya Kichina huziba pengo hilo kwa kurudia mwezi mmoja, mara 7 katika kila miaka 19, ili mwezi wa 3 ubaki wa masika na wa 6 ubaki wa joto. Mwezi unaorudiwa huchukua nambari ya ule uliotangulia. Mwaka 2025 palikuwa na mwezi wa 6 mara mbili. Tarehe 24 ya ule wa kwanza ilikuwa 18 Julai, na ya ule wa pili 17 Agosti. Mtu aliyenunua tikiti kwa kufuata wa pili alifika sherehe ikiwa imekwisha mwezi mzima. Unaofuatia kwa kurudiwa ni mwezi wa 5 wa mwaka 2028, basi ukipanga safari ya mwaka huo kuwa macho kuanzia hapo.

Kisha wako wasiofuata kalenda hiyo kabisa. Wadai wana yao, Watibeti wana yao, na Wayi wanasimuliwa kuwa na kalenda ya kale ya jua ya miezi 10, kila mwezi siku 36, kisha siku 5 au 6 za nje ya miezi. Hapa mzee wa Pwani atatabasamu. Mwaka wetu wa Nairuzi, ambao mabaharia na wakulima waliutumia kuujua msimu wa kaskazi na wa kusi, una miongo 36, kila mwongo siku 10, na mwishoni siku 5 za gatha. Thelathini na sita mara kumi, kumi mara thelathini na sita. Sisemi kwamba mmoja alimfunza mwenziwe. Nasema kwamba mtu aliyelelewa na mwandamo upande mmoja na Nairuzi upande wa pili ana akili tayari ya kuelewa kwa nini mji mmoja unaweza kuwa na sikukuu mbili zisizofuatana.

Wadai: siku isiyo ya mwaka wowote

Wadai wako Xishuangbanna, kusini kabisa mwa mkoa wa Yunnan, mpakani na Laos na Myanmar. Ni Wabudha wa madhehebu ya Theravada, na mwaka wao mpya ndio ile sherehe ya kurushiana maji. Kwa kalenda yao haiangukii mwezi wa kwanza, huangukia mwisho wa mwezi wa 6 au mwanzo wa wa 7. Kwa kalenda ya kawaida ni katikati ya Aprili, na mjini Jinghong siku za mapumziko huanza tarehe 13. Hii ndiyo rahisi kuliko zote kwa msafiri kwa sababu haihamihami.

Siku ya kwanza huuaga mwaka wa zamani. Ya mwisho hupokea mpya. Katikati yake huwapo siku ambayo kwa hesabu yao haihesabiwi kwa mwaka uliokwisha wala kwa ule unaokuja. Kama gatha zetu, ni siku zilizobaki mkononi baada ya hesabu kukamilika. Mashindano ya mashua ndefu hufanywa mto Lancang, mto ambao ukishaingia nchi za chini huitwa Mekong. Hurushwa fataki za mianzi, usiku taa za karatasi huachiwa zikapaa, na vijana hurushiana vifuko vya kitambaa kama njia ya kuchaguana. Hekaluni sanamu za Buddha huogeshwa kwa maji yenye maua, na hilo hutangulia watu kuogeshana.

Siku ya maji ndiyo wageni huharibu. Kuna namna mbili za kummwagia mtu. Mzee humwagiwa kidogo begani au mgongoni, taratibu, kwa kitawi au kibakuli, na hiyo ni dua ya kumtakia heri. Ndoo nzima ni ya rika lako, tena aliyeshika ndoo yake pia. Usimmwagie mtawa, mtoto mchanga, wala mtu anayeendesha pikipiki. Usitumie barafu. Simu na pasipoti zitie ndani ya mfuko wa plastiki wa kufungwa, uutie ndani ya mwingine, kwa sababu mfuko mmoja hupenyeza maji kwenye mkunjo. Vaa nguo nzito ya rangi ya giza. Kitambaa cheupe chepesi kikilowa kinamvunjia mtu heshima, mwanamke na mwanamume sawa.

Hekaya yao husema palikuwa na jini mwovu aliyewateka wasichana saba, na silaha pekee ya kumuua ilikuwa unywele wake mwenyewe. Wakamkata kichwa kwa unywele huo. Kila kichwa kilipogusa ardhi moto ulilipuka, ikabidi wakishike kwa zamu, na kila anayemaliza zamu humwagiwa maji kusafishwa damu. Maji, basi, ni ya kumsafisha mtu aliyebeba mzigo wa wenziwe. Watu wa Makunduchi wanaokwenda baharini kuoga mwaka kila Julai hawahitaji kuelezwa zaidi.

Tahadhari moja. Katika bustani ya utalii ya Wadai iliyoko nje ya Jinghong, maji hurushwa kila siku ya Mungu kwa ajili ya wageni. Ni maonyesho. Ukienda Novemba ukapigwa picha umelowa, hujaiona sikukuu.

Jinghong kwenyewe kumekuwa karibu tangu Desemba 2021, reli ya Kunming, mji mkuu wa Yunnan, hadi Laos ilipofunguliwa. Kutoka Kunming ni saa tatu na nusu hivi. Tikiti za treni Uchina hufunguliwa siku 15 kabla, ukihesabu na siku ya safari yenyewe, na za tarehe 12 Aprili huisha mapema, kwa hiyo weka kumbukumbu kwenye simu ya tarehe 29 Machi.

Wayi na Wabai: mwenge

Tarehe 24 ya mwezi wa 6 Wayi wa Liangshan katika Sichuan na wa Chuxiong katika Yunnan huwasha mienge. Wabai wa Dali hufanya yao tarehe 25. Mwaka 2026 tarehe 24 ni 6 Agosti.

Kwa Liangshan ni siku tatu: kuupokea moto, kuusifu, kisha kuuaga. Siku ya kwanza huchinjwa. Ya pili ndiyo ya mieleka, mbio za farasi, ng'ombe kupiganishwa, na wasichana kujipanga kwa mavazi wakisimama chini ya miavuli ya manjano. Ya tatu usiku mienge hukusanywa pamoja ikateketea.

Mwenge wa Liangshan hufungwa kwa mashina makavu ya pakanga pori, mti mrefu mwembamba unaowaka haraka. Yunnan hutumia zaidi msonobari uliopasuliwa, ambao una utomvu wake. Kufunga ndiko kazi. Kamba zikiwa chache, ya kwanza ikiungua tu mwenge wote hufumuka mkononi, vijiti vya moto vikaanguka miguuni mwa mtu. Ndiyo maana hufungwa pingu kwa pingu kutoka juu hadi chini, kila moja ishike hata ile ya juu ikiwa imeteketea. Mashina mabichi nayo hutoa moshi bila mwali.

Chuxiong na Dali watu hubeba unga wa utomvu wa msonobari na kuurusha kwenye mwenge wa mtu. Unga mlaini ukichanganyika na hewa hulipuka kwa mwali mkubwa mara moja kisha hutoweka. Ni baraka, na mgeni hupata nyingi. Sasa fikiria umevaa shati la nailoni: nailoni haiungui tu, huyeyuka na kushika ngozi. Vaa pamba. Kikoi na shati la pamba ni salama kuliko jaketi lolote la michezo. Funga nywele, na buibui la kitambaa cha kuteleza liache hotelini, uvae la pamba.

Chanzo cha mwenge ni shamba. Msimu ule wadudu wa mazao wako wengi, na nondo hufuata mwanga. Watu huzunguka mipaka ya mashamba usiku kwa moto, wadudu wanakuja wenyewe kuungua. Baadaye zikaja hekaya juu yake, lakini mkulima wa Liangshan hakuanza na hekaya.

Wanawake wa Kibai huwa na jambo moja ambalo litawagusa dada zetu. Siku hizo hupaka kucha nyekundu kwa maua ya mmea mdogo wa bustanini, yaliyopondwa pamoja na shabu kidogo, yakafungwa kwenye kucha kwa jani mpaka asubuhi. Shabu ndiyo hushikisha rangi, na bila hiyo hufifia baada ya kunawa mara chache. Hina yetu hutoka kwa majani na hukaa kwenye ngozi na kucha. Yao hutoka kwa maua na hulengwa kucha tu. Kwao inakumbusha mikono ya malkia Baijie, aliyefukua majivu kwa vidole kumtafuta mumewe aliyechomwa ndani ya mnara.

Wazhuang: wali wa rangi tano

Tarehe 3 ya mwezi wa 3, Sanyuesan kwa Kichina, ni siku ya Wazhuang. Guangxi yote hupumzika siku mbili tangu mwaka 2014. Mwaka 2026 ni 19 Aprili, na maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou hufunguliwa 15 Aprili, kwa hiyo anayekwenda kwa biashara anaweza kuiunganisha bila gharama kubwa.

Asubuhi ni ya makaburi. Familia hupanda mlimani kulifyeka kaburi la babu, wakiwa wamebeba chakula. Kisha watu hukusanyika kujibizana kwa nyimbo, na Wuming, kando ya Nanning, ndiyo mashuhuri kwa hilo. Upande mmoja wasichana, upande wa pili wavulana. Huanza kwa salamu, huendelea kwa mafumbo, na asiyeweza kujibu fumbo kwa wimbo wa mizani ileile ameshindwa. Anayejua kujibizana kwa mashairi atazielewa kanuni hata kama neno moja halifahamu. Vijana pia hugonganisha mayai yaliyopakwa rangi: yakivunjika yote mawili, wanakaa kuyala pamoja. Na kuna mpira wa hariri uliotarizwa wenye vipande 12 kama maganda ya chungwa, msichana humrushia anayempenda.

Lakini kinachobebwa mlimani na kurudi nacho mezani ni wali wa rangi tano: mweusi, mwekundu, zambarau, manjano na mweupe. Kwa Wazhuang kila rangi ina mmea wake. Mweusi ni majani machanga ya mti uitwao fengxiang, yanayopondwa na kulowekwa usiku kucha, yakachujwa, kisha maji yake kupashwa moto hadi nyuzi 50 au 60, yasichemke, ndipo mchele unatiwa. Nyekundu na zambarau hutoka kwa majani ya mmea mmoja wenye aina mbili. Manjano ni ya maua ya kichaka cha mlimani, au binzari.

Hapa Mombasa unaweza kuupika kwa mimea ya Kongowea na Marikiti, na nitaeleza kwa vipimo.

Mchele uwe ule wa kunata, unaouzwa katika maduka makubwa ya Nyali kwa ajili ya wapishi wa vyakula vya Asia. Pishori na basmati hazifai, hazishikani. Kilo 1 na robo hutosha watu 8 hadi 10: gawa mafungu matano ya gramu 250. Kila fungu la rangi linahitaji nusu lita ya maji ya rangi.

Manjano: gramu 60 za binzari mbichi, ikunwe, ichemke dakika 10, uchuje kwa kitambaa. Ukizidisha hapo wali utakuwa mchungu.

Nyekundu: gramu 30 za rosela kavu, zichemke dakika 5. Hapa ndipo wengi wa mji huu watakosea. Maji mengi ya visima vya kisiwani hupita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa, na rangi ya rosela ikikutana na chokaa hugeuka kijivu au buluu iliyochafuka. Tumia maji ya chupa au ya mvua, na tia kijiko cha maji ya ndimu. Utaona rangi ikirudi mbele ya macho yako.

Zambarau: gramu 200 za kabichi ya zambarau, dakika 10, maji matupu bila ndimu. Ukitia ndimu itakuwa nyekundu, ukitia hata chembe ya magadi itakuwa buluu. Wazhuang nao huyajua hayo kwa njia yao, huongeza maji ya majivu au chokaa kuisogeza rangi ya mmea wao.

Nyeusi bila majani yenyewe haipatikani. Rangi ya unga ya dukani itakupa weusi wa kupaka viatu, na harufu ya jani, ambayo ndiyo utamu wa fungu lile, haimo. Ukipata mchele wa kunata ulio mweusi kwa asili, utumie. Ukikosa, pika rangi nne. Rangi nne za kweli ni bora.

Osha mchele, uuchuje vizuri kabla ya kuutia rangi ili maji yasizimue. Uloweke kwa muda wa saa 8, kila fungu bakuli lake. Loweka ndani ya friji. Joto la Machi na Aprili hapa likiukuta mchele mezani usiku kucha, asubuhi utakuta povu na harufu ya chachu, na hapo hakuna dawa ila kumwaga.

Asubuhi chuja, uuache kwenye chujio dakika 15. Usiuoshe tena. Upike kwa mvuke, kamwe usiuchemshe kama wali: ukichemsha, rangi hubaki majini na punje hugeuka uji. Tandika kitambaa cha pamba kilicholowa juu ya chombo cha mvuke, weka mafungu kando kwa kando ukiyatenga kwa vipande vya jani la mgomba. Kama chombo kina ghorofa, nyeusi na zambarau zikae chini na nyeupe juu kabisa, maana matone hudondoka kwenda chini. Dakika 35 hadi 40. Ikifika dakika 20, nyunyiza maji vijiko 2 au 3 juu ya kila fungu, la sivyo punje za juu zitabaki na kiini kigumu. Funga kifuniko kwa kitambaa ili jasho la kifuniko lisirudi kwenye chakula. Ukizidisha saa, rosela na kabichi hupauka.

Wazhuang wengi huula na nyama ya nguruwe, na mara nyingine hukaanga uliobaki kwa mafuta yake, kwa hiyo Mwislamu akikaribishwa kule aulize kabla. Hapa kwetu huliwa vizuri mkavu, kwa sukari kidogo au nazi iliyokunwa.

Wamiao: ujumbe ndani ya wali

Siku 12 baada ya Sanyuesan, tarehe 15 ya mwezi wa 3, Wamiao wa Taijiang katika Guizhou hufanya sikukuu ya wali wa madada. Mwaka 2026 ni 1 Mei. Wasichana hupika wali wa rangi, huufunga kwa kitambaa, na huwapa vijana waliokuja kuwaomba. Kijana akifungua hupekua ndani. Akikuta jozi ya vijiti vya kulia, amekubaliwa. Akikuta pilipili au kitunguu saumu, ameambiwa asirudi. Akikuta sindano za msonobari, arudi na uzi wa hariri na sindano, mazungumzo yanaendelea. Hakuna anayesema neno, wala hakuna anayeaibishwa mbele za watu. Mimi huona huu ndio ustaarabu mkubwa kuliko fedha zote wanazovaa, na fedha huvaa nyingi kweli: mataji, mikufu, mapambo ya vifuani, mpaka unasikia mlio kabla ya kumwona mtu.

Mlangoni mwa kijiji cha Kimiao utasimamishwa kwa pembe ya pombe ya mchele. Asiyekunywa asiishike. Ukiigusa kwa mkono umekubali kuimaliza yote. Weka mikono nyuma, sema mapema wewe ni Mwislamu, neno la Kichina ni musilin, na watakupisha kwa uchangamfu.

Wahui na ndugu zao

Kati ya jamii 55, kumi ni za Kiislamu, na Wahui, zaidi ya milioni 11, wametapakaa kila mkoa. Zheng He, amiri wa merikebu zilizofika Mogadishu na Malindi mwanzoni mwa karne ya 15, alizaliwa Yunnan katika familia ya Kihui. Twiga aliyefikishwa kwa mfalme wa Uchina mwaka 1415 alitoka Malindi. Kwa hiyo mmoja wa waliotuunganisha na nchi ile zamani alikuwa mtu wa jamii hizi.

Idd kwao ni zetu zilezile mbili, na Ningxia hupewa mapumziko rasmi. Kinachopikwa ni youxiang, andazi bapa la duara. Unga wa ngano gramu 500, maji ya uvuguvugu mililita 300, hamira kijiko cha chai 1 na nusu, chumvi kijiko 1. Halina nazi wala iliki. Ukande, uumuke mara mbili, ugawe madonge 10, usukume unene wa sentimita 1, kisha upasue nyufa mbili fupi katikati kwa kisu. Nyufa si pambo: bila hizo hewa hufura kama hamri, donge hugeuka lenyewe kwenye mafuta na katikati hubaki bichi. Mpishi hutia udhu kwanza. Likiiva huwekwa uso juu, halipinduliwi, na halitafunwi zima. Hukatwa kwa mikono, kipande kwa kipande.

Kwa Wauyghur wa Xinjiang lazima niseme wazi. Qurban Heyt, yaani Idd el-Adha, ya mji wa Kashgar, watu wakicheza sama uwanjani mbele ya msikiti wa Id Kah kwa ngoma na zumari za juu ya lango, ilikuwa miongoni mwa Idd kubwa za Asia. Mwaka 2010 UNESCO iliuweka meshrep, mkusanyiko wao wa nyimbo na ngoma, katika orodha ya mila zinazohitaji kulindwa haraka. Tarehe 31 Agosti 2022 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti ikieleza ukiukaji mkubwa wa haki huko, pamoja na kubanwa kwa ibada na desturi. Serikali ya Uchina inaikana. Msafiri atakayeonyeshwa ngoma ya Kiuyghur jukwaani ajue hilo, na asimwulize mwenyeji maswali ya dini mbele za watu, kwani atakayelipa ni mwenyeji.

Wajing: wavuvi

Namalizia na wadogo kuliko wote hapa, watu elfu 33 tu. Wajing ni wavuvi wa Dongxing, mpakani na Vietnam, katika Wanwei, Wutou na Shanxin, vilivyokuwa visiwa. Sikukuu yao, Ha, maana yake ni wimbo. Wanwei huanza takriban tarehe 10 ya mwezi wa 6, yaani 23 Julai 2026. Shanxin ni tarehe 10 ya mwezi wa 8, na Wutou tarehe 1 ya mwezi huo, kwa hiyo aliyekosa kimoja ana viwili.

Kwanza wanatoka kwa maandamano mpaka ufukweni, kumwalika mlinzi wa bahari aje nchi kavu. Pili huja sadaka ukumbini. Tatu watu hukaa kwenye mikeka kwa vyeo vya umri, wanakula polepole huku waimbaji wanawake wakigonga vipande vya mianzi kushika mizani. Hapo husikika zeze la uzi mmoja, mkono wa kushoto ukikunja kijiti kupandisha na kushusha sauti. Mwisho mgeni wa bahari huagwa. Chakula ni samaki, kaa na mchuzi wa samaki waliochachushwa kwa chumvi, na mtu wa Kibokoni au Likoni ataijua harufu yake kabla ya kufika mlangoni.

Dongxing hufikiwa kutoka Nanning. Beba pasipoti muda wote, maana ni mji wa mpaka, na hoteli lazima ikuandikishe usiku huohuo.